Dominika: Kisiwa Kilichohifadhiwa na Milima Yake

Msikilizaji, wiki hii naomba tusafiri kidogo. Siasa za hapa nyumbani tuziache zipumzike, na bei ya sukari nayo ituwie radhi. Twende mbali, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, mpaka bahari ya Karibi, kwenye kisiwa kimoja kidogo kiitwacho Dominika.

Kabla sijaenda mbele, nieleze jambo moja ili tusije tukapotezana njiani. Dominika siyo Jamhuri ya Dominika. Ile Jamhuri ni nchi kubwa zaidi, watu wake husema Kihispania, na inagawana kisiwa kimoja na Haiti. Hii ninayoizungumzia ni nchi nyingine kabisa, iliyotawaliwa na Waingereza mpaka tarehe 3 Novemba 1978. Nilipokuwa nakata tiketi mwanzoni mwa mwaka 2024, karani aliyenihudumia aliniuliza kama nimejifunza Kihispania. Nikamwambia hapana, nakwenda Dominika. Akasema, "Ndiyo, hiyo hiyo." Ilibidi niombe ramani, tukaitazama pamoja, na hata hapo kidole chake kilipita mara mbili juu ya kile kisiwa kabla ya kukiona.

Simlaumu. Kisiwa chenyewe ni cha kilomita za mraba 750 tu, yaani hakifikii hata nusu ya Unguja. Watu wake ni kama 70,000. Ukiwaalika wote kuja kutazama mpira katika uwanja wa Benjamin Mkapa pale Dar es Salaam, watajaza viti vyote, na watakaobaki nje watakuwa elfu chache. Hiyo ndiyo nchi nzima, pamoja na rais wake, waziri mkuu wake na bunge lake.

Jina lake lilitoka kwa Christopher Columbus, aliyekiona kisiwa hicho siku ya Jumapili, tarehe 3 Novemba 1493. Wasikilizaji wangu Wakatoliki hawahitaji maelezo zaidi, maana mpaka leo Jumapili wanaiita Dominika. Lakini kisiwa kilikuwa na jina lake tangu zamani. Wenyeji wake, Wakalinago, walikiita Waitukubuli, maana yake "mwili wake ni mrefu". Jina hilo linasema kweli kuliko la Columbus, kwa sababu ukikikaribia kisiwa kwa ndege, huoni fukwe wala minazi iliyopangwa mstari kama kwenye kalenda. Unaona milima imesimama baharini, imefunikwa na msitu toka miguuni mpaka utosini, na mawingu yamekaa juu yake kama kilemba.

Mlima mrefu kuliko yote, Morne Diablotins, una mita 1,447. Kwetu sisi wenye Kilimanjaro hiyo ni namba ndogo. Lakini hebu fikiri, kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita 47 tu. Milima yote hiyo imebanana humo ndani kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni, na ndani ya kisiwa hicho zimo volkano tisa. Mvua hainyeshi kwa kubahatisha. Wenyeji hupenda kusema kwamba wanayo mito 365, mmoja kwa kila siku ya mwaka. Sikuihesabu. Lakini kutoka uwanja wa ndege, ulio upande wa kaskazini mashariki, mpaka Roseau, mji mkuu, ni safari ya zaidi ya saa moja ya kupinda na kupanda, na madaraja tuliyovuka niliacha kuyahesabu mapema.

Sasa msikilizaji utaniuliza, je, milima hiyo inatuhusu nini? Nitakujibu. Milima hiyo ndiyo iliyoandika historia ya watu wa kule.

Visiwa vingi vya Karibi vilikuwa tambarare au vilikuwa na mabonde mapana. Wazungu walipofika walikata misitu, wakapanda miwa, wakaleta watumwa kutoka Afrika, na wenyeji wa asili wakamalizwa. Dominika ilikuwa ngumu kumeza. Waingereza na Wafaransa waliigombea kwa muda mrefu, na mwaka 1748 walikubaliana kwamba wote waiache, ibaki mikononi mwa Wakalinago. Bila shaka mkataba huo haukudumu, na mwaka 1763 kisiwa kikawekwa chini ya Waingereza. Kulikuwa na mashamba ya kahawa na ya miwa, na utumwa ulikuwepo, tusidanganyane. Lakini ardhi tambarare ilikuwa haba, hivyo miwa haikuweza kufunika nchi yote kama ilivyofunika Barbados.

Na pale ambapo shamba lilishindwa kupanda, mtu aliweza kupanda. Watumwa waliotoroka walikimbilia milimani, wakajenga vijiji vyao huko, wakalima, na wakapigana na askari wa serikali kwa miaka mingi. Mmoja wa viongozi wao aliitwa Jacko. Aliuawa mwaka 1814, baada ya kuishi msituni kwa zaidi ya miaka arobaini, kama inavyosimuliwa. Ziko ngazi zilizochongwa katika mwamba wa mlima ambazo mpaka leo zinaitwa kwa jina lake. Nilizipanda. Kila ngazi ni ndefu kupita kiasi, na inasemekana zilichongwa hivyo makusudi ili askari mwenye bunduki na mzigo achoke kabla hajafika juu. Mimi sikuwa na bunduki, nilikuwa na kinasa sauti tu, na nilichoka.

Upande wa kaskazini iko ngome ya Waingereza, Fort Shirley. Humo, mwezi wa Aprili mwaka 1802, askari Waafrika wa kikosi cha nane cha West India waliasi, wakihofia kwamba watageuzwa kuwa vibarua wa mashamba ya miwa. Maasi hayo yalizimwa kwa damu. Lakini mwaka 1807 Waingereza waliwapa uhuru askari wao wote waliokuwa watumwa, na watu wa Dominika wanakukumbusha kwamba madai hayo yalianzia kwao.

Hata Wakalinago wenyewe walipona kwa sababu hiyo hiyo ya milima. Walibanwa mpaka upande wa mashariki wa kisiwa, wenye majabali na mawimbi makali, na mwaka 1903 wakatengewa ekari 3,700. Leo wanaishi huko watu kama elfu tatu. Ardhi yao ni ya wote. Mtu wa nje hawezi kuinunua, na mwenyeji hawezi kuiuza. Wanaosifu utaratibu huo wanasema ndio uliowafanya wabaki. Wanaoulalamikia wanasema huwezi kwenda benki kuomba mkopo kwa shamba lisilokuwa na hati. Nadhani mabishano hayo hata sisi tunayafahamu. Na mwaka 2023, kwa mara ya kwanza, nchi ilipata rais ambaye ni mwanamke na ni Mkalinago, Bibi Sylvanie Burton.

Kwa Wakalinago nilikula mkate wa muhogo. Mama mmoja aliukuna muhogo, akaukamua maji yake, akautandaza kwenye bamba pana la chuma juu ya moto. Nilimwambia kwamba kwetu muhogo ni chakula cha kila siku, tunauchemsha, tunaukaanga, tunaukausha makopa na kusonga ugali. Alinitazama kwa furaha ya mtu aliyepata habari za mtoto aliyeolewa mbali. Akasema, "Basi mnakula chakula chetu." Ni kweli. Muhogo ulitoka Amerika ukaja Afrika, na wa kwanza kuulima ni watu wa jamaa zake. Sisi huku tunaona ni wetu tangu Adamu. Na shelisheli, ambalo wale wanalichoma motoni wakalila na samaki wa moshi, lilipelekwa kwao na Wazungu kutoka visiwa vya Pasifiki ili kuwalisha watumwa. Watu tumehamishwa, na chakula kimehamishwa pia.

Msikilizaji, mgeni akifika Dominika, jambo moja atakaloulizwa na kila mtu ni hili: "Umekwisha kwenda Ziwa Linalochemka?" Ziwa hilo limo ndani ya hifadhi ya Morne Trois Pitons, ambayo iliwekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1997. Siyo jina la kupamba. Ni shimo lenye upana wa kama mita 60, maji yake ni ya kijivu, na katikati yanatokota kama sufuria ya maharage. Moto wa volkano uko chini yake. Barabara ya gari haifiki huko. Ni kutembea kwa miguu saa tatu kwenda na saa tatu kurudi.

Tuliondoka alfajiri, mimi na mwongoza watalii mmoja wa makamo kama yangu, ila yeye hana kitambi. Tulipanda kwenye ngazi za magogo yenye utelezi, tukateremka, tukavuka mto, tukapanda tena. Baada ya saa mbili nilikaa chini nikamwambia kwa heshima zote kwamba ziwa nimekwisha liona kwenye picha, na picha zilinitosha. Hakucheka. Alifungua mfuko wake, akanipa chungwa, akasema, "Kaka, mimi nitakungoja. Lakini nimekuja huku maelfu ya mara, na sijawahi kumrudisha mtu ambaye miguu yake ni mizima." Nikainuka.

Tukafika mahali wanapopaita Bonde la Ukiwa. Miti imekoma ghafla. Ardhi ni nyeupe, ya njano, ya kutu, na mvuke unatoka katika nyufa kwa mlio kama wa birika. Harufu ni ya kiberiti, na ukivaa pete ya fedha itakuwa nyeusi kabla hujarudi. Yule bwana akatoa mayai mawili akayaweka kwenye kijito cha maji ya moto, nasi tukayala yakiwa yameiva. Kisha tukapanda kilima cha mwisho, na ziwa likawa chini yetu. Upepo ulipoondoa mvuke, nililiona. Sitajaribu kulieleza. Nilinyamaza, na kwa mtu anayekula kwa kusema, hiyo si kazi ndogo.

Tulipokuwa tumekaa pale juu ndipo alipoanza kuniambia mambo yaliyonifanya niandike mazungumzo haya.

Alisema njia ile ya miguu ndiyo iliyosomesha watoto wake watatu. Babake alikuwa mkulima wa ndizi. Zamani ndizi zilikuwa mshahara wa kila nyumba. Mkulima mwenye shamba dogo kwenye mteremko alikata mikungu yake, meli ikaipeleka Uingereza, ambako ilipata soko la upendeleo. Katika miaka ya tisini Marekani, ambayo hailimi ndizi za kuuza nje, ilishirikiana na nchi kadhaa za Amerika ya Kilatini zenye mashamba makubwa ya makampuni, wakaupinga utaratibu huo katika Shirika la Biashara Duniani. Mwaka 1997 wakashinda. Mkulima wa mteremkoni hakuweza kushindana na shamba la tambarare lenye maelfu ya ekari. Mlima uliomficha babu yake asikamatwe ukawa ndio unaomzuia mjukuu kuuza. Vijana wengi wakaondoka.

Basi nchi ikatafuta kitu kingine cha kuuza. Tangu mwaka 1993 inauza uraia wake kwa wageni wenye fedha. Mapato yake yamejenga nyumba na zahanati, na hilo ni haki lisemwe. Lakini mwezi wa Julai mwaka 2023 Uingereza iliwawekea watu wa Dominika sharti la viza kwa sababu ya biashara hiyo hiyo. Kwa hiyo bibi kizee ambaye hakuuza chochote, anayetaka kwenda kumwona mwanawe London, sasa lazima apange foleni ya viza kwa ajili ya pasipoti alizouziwa mtu asiyemjua.

Kitu cha tatu cha kuuza ni uzuri wenyewe. Na hapa ndipo ilipo kazi.

Siku meli ya watalii inapotia nanga Roseau, mji unabadilika. Meli moja inaweza kuteremsha watu elfu tatu, katika mji wenye watu kama elfu kumi na tano. Wanapanda mabasi madogo, wanakwenda kutazama maporomoko ya Trafalgar, wanapiga picha, wananunua kofia, na kabla ya jua kutua wamerudi melini. Chai walikunywa melini, chakula cha jioni watakula melini, na kitanda kiko melini. Wamekanyaga nchi lakini hawakulala ndani yake. Tofauti yao na mgeni anayelala nyumba ya wageni, akala samaki wa mvuvi wa pale na akamkodi mtu wa kumwonyesha njia, ni kubwa, hata kama kwenye daftari la takwimu wote wanaandikwa "mtalii".

Nilipokuwa huko serikali ilikuwa inajenga uwanja mpya wa ndege wa kimataifa, na mwekezaji alikuwa anajenga njia ya magari ya kuning'inia kwenye nyaya, ya kupandisha watu mpaka karibu na lile ziwa. Safari ya saa tatu ingekuwa ya dakika chache. Nilimuuliza mwenzangu kama analipinga jambo hilo. Nilitegemea aseme ndiyo, maana nilikwisha andaa kichwani hotuba ya kumuunga mkono.

Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mama yangu ana miaka sabini na tisa. Amezaliwa chini ya mlima huu. Moshi wa ziwa anauona kila siku kukiwa hakuna mawingu, na hajawahi kuliona ziwa. Waya huo utamleta. Nitakataaje?" Halafu akaongeza, "Mimi siogopi waya. Naogopa kwamba atakayekata tiketi hatakuwa mimi, wala mtoto wangu."

Msikilizaji, katika miaka yangu ya kuhudhuria semina za utalii na mazingira, sijasikia mtu akilisema jambo hilo kwa uwazi namna hiyo. Sisi waandishi tunapenda kugawa watu mafungu mawili, wanaotaka maendeleo na wanaotaka mazingira. Yule bwana anataka yote mawili, na anauliza swali moja tu: nani atashika mlango?

Wala usidhani kwamba watu wale wanaishi peponi. Mlima unaohifadhi ndio unaoua. Tarehe 27 Agosti 2015 mvua za dhoruba iliyoitwa Erika ziliporomosha milima juu ya vijiji. Watu wapatao 30 walikufa, na kijiji cha Petite Savanne kikahamwa chote. Miaka miwili baadaye, usiku wa tarehe 18 Septemba 2017, kimbunga Maria kilipiga kikiwa na nguvu ya daraja la tano, yaani la juu kabisa. Watu 65 walikufa au hawakupatikana tena. Karibu kila paa liling'olewa au kuharibiwa. Hasara ilikadiriwa kuwa asilimia 226 ya pato la taifa la mwaka. Hebu fikiri mtu anayepata shilingi mia kwa mwaka, na usiku mmoja anaharibikiwa vitu vya shilingi mia mbili na ishirini na sita.

Wenyeji waliniambia kwamba kilichowatisha asubuhi ile hakikuwa paa. Kilikuwa milima. Msitu wote ulikuwa umevuliwa majani, na milima imesimama ya kahawia kama iliyoungua. Kasuku wao, sisserou, mwenye rangi ya zambarau ambaye amechorwa kwenye bendera ya taifa na ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani, alikuwa haba tangu zamani, na baada ya Maria akawa haba zaidi. Moshi wa kupikia hawakuwatilia viwanda vya Ulaya na Amerika, lakini bahari iliyopata joto na kuvipa vimbunga nguvu imewapiga wao kwanza. Majani yamerudi sasa, na mabati mapya yamepigiliwa. Lakini kila mwaka ifikapo mwezi wa Juni, msimu wa vimbunga unapoanza, watu hutazama upande wa mashariki.

Tuliporudi, jua likiwa linakaribia kuzama, tuliingia kwenye maji ya baridi ya korongo la Titou kuosha tope. Hapo yule bwana akaniuliza, "Kwenu kuna milima?"

Nikamwambia ipo, tena mikubwa. Nikamtajia Kilimanjaro, nikamtajia Meru, Usambara na Uluguru. Nikamweleza kwamba nilisoma Morogoro miaka minne, shule ikiwa chini kabisa ya Uluguru, na kwamba maji ya kunywa ya mamilioni ya watu wa Dar es Salaam yanatoka katika milima hiyo kwa njia ya mto Ruvu.

"Uliupanda?" akauliza.

Msikilizaji, sikuupanda. Miaka minne niliutazama kwa dirisha la darasani. Nilikwenda kuvuka bahari mbili kupanda mlima wa mtu mwingine, nikiwa sijui njia ya mlima ninaokunywa maji yake. Sijui ni nani anayekata miti yake, wala sijui ni nani anayemwongoza mgeni anapofika, na analipwa kiasi gani. Nikamwambia hapana. Yeye, kwa adabu, akabadilisha mazungumzo.

Sina nauli ya kukushauri uende Dominika, na pengine nawe huna. Lakini unayo milima yako. Siku utakapoona mgeni anateremka mlimani kwako na kamera shingoni, usitazame kamera tu. Mtazame aliyetangulia mbele yake kumwonyesha njia, kisha uulize ni mtoto wa nani, na jioni anarudi nyumbani na nini.

Tukijaliwa, tutakutana wiki ijayo. Kwa leo nakutakia siku njema.